Je, wajua kwa nini mwanamuziki anayesikiliza wengi ndiye anayepata mlio wake mwenyewe?

Wapiga ilimba wawili wa Chamwino, mkoani Dodoma, ala yao ikiwa ni ile ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, wanaweza kupiga wimbo uleule wa Kigogo, waliojifunza kwa kuwasikiliza wazee walewale, na jirani aliyewazoea akawatambua mmoja mmoja bila kuwaona. Ikiwa wote walianza kwa kuiga, tofauti hiyo imetoka wapi?

Imetoka masikioni. Hakuna sikio linalobeba wimbo mzima. Msikilizaji huondoka na kipande kilichomgusa, huyu mvumo wa ndimi nene, yule mahali ambapo mwimbaji alikawia kidogo kabla ya kuitikiwa, na akifika nyumbani hulazimika kujaza kwa mikono yake yale asiyoyakumbuka. Hapo anapojaza ndipo mtindo wake unapochipukia. Aliyemsikiliza fundi mmoja tu hujaza kwa yale ya fundi huyo, akabaki kivuli chake. Aliyesikiliza wengi ana mengi ya kuchanganya, na ni nadra mchanganyiko wake ulingane na wa mwingine.

Kwa maoni yangu, faida kubwa zaidi imo katika kusikiliza ala ambayo si yako. Mpiga ilimba akimtazama mpiga ilimba mwenzake, huiga vidole gumba vyake. Akimsikiliza mpiga zeze, ala ya nyuzi inayopigwa kwa upinde, hana vidole vya kuiga: upinde huivuta sauti ikaendelea, ilhali ulimi wa chuma ukishaguswa, sauti yake huanza kufifia papo hapo. Ili aupate mvuto ule, itambidi aurudie ulimi mmoja kwa haraka, au atafute ndimi zitakazoendelea kuvuma zenyewe. Ilimba inamsaidia katika hilo, kwani baadhi ya ndimi zake hazipigwi kabisa. Hutetemeka tu zinapopigwa nyingine zinazopatana nazo. Alichokisikia kwenye zeze sasa kimekuwa mbinu ya ilimba, na ni yeye aliyeitafuta.

Mfano ni marehemu Hukwe Zawose, mwimbaji na mpiga ilimba mzaliwa wa Doduma mkoani Dodoma, aliyefariki mwaka 2003. Alikulia katika nyimbo za Wagogo, kisha akaishi na kufanya kazi Bagamoyo miongoni mwa wasanii waliotoka sehemu nyingi za nchi. Hakuuacha muziki wa kwao. Alitengeneza ilimba kubwa zenye ndimi nyingi kuliko za kawaida, na sauti yake ilishuka hadi mngurumo mzito na kupanda hadi wembamba wa kushangaza.

Usikilizaji wa namna hii unataka subira. Ala iwekwe chini kwanza, wimbo mmoja usikilizwe mara nyingi hadi uweze kuimbwa kwa mdomo, kisha zipite siku mbili tatu kabla ya kuupiga. Utakapokwama, usiukimbilie wimbo uliorekodiwa. Jaribu kwanza kuvuka kwa ndimi unazozijua, upige hadi mwisho, ndipo urudi kulinganisha.