Mfuko wa saruji wa kilo 50 na mgongo wa anayeubeba

Kibarua wa stoo akilalamika mgongo, jibu ni lilelile: "Kunja magoti, usiiname." Ushauri si mbaya, ila haugusi kiini. Mfuko ukiwa sakafuni, hata ukichuchumaa, magoti yako yenyewe yanauweka mbali na tumbo. Na umbali huo ndio unaoumiza.

Hesabu iko hivi. Misuli inayoinua mgongo imepita sentimita 5 hivi tu nyuma ya diski za kiunoni, yale matakia yaliyo kati ya pingili za mgongo. Mfuko wa kilo 50 ukiwa sentimita 40 mbele ya diski hizo, misuli inalazimika kuvuta sawasawa na kilo 400, na hapo uzito wa kiwiliwili haujaingia. Usogeze hadi sentimita 25, zinabaki 250. Mfuko ni uleule.

NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, ina kanuni ya mwaka 1991 ya kukadiria uzito unaofaa kuinuliwa na mtu mmoja, ninayoitegemea sana. Inaanza na kilo 23 kwa hali nzuri kuliko zote, kisha inakata. Tuseme mikono iko sentimita 40 mbele ya vifundo vya miguu, kimo cha kushika ni sentimita 15, mzigo unapandishwa kwenye bodi ya gari hadi sentimita 90, na mbebaji amejipinda nyuzi 45. Kila hali ina kizidishio chake, kwa mpangilio huohuo: 23 × 0.625 × 0.82 × 0.88 × 0.856, sawa na kilo 8.9. Hapo hatujakata kwa ajili ya kasi ya kazi wala kwa mfuko kukosa mshikio.

Saruji haitauzwa kwa vifuko vya kilo 9, kwa hiyo tubadilishe mengine. Panga paleti (majukwaa ya mbao ya kuwekea mizigo) mbili tupu, moja juu ya nyingine, ndipo uanze kupanga mifuko. Mkono sasa unashika kwenye sentimita 45. Vuta mfuko hadi ukingoni kabla ya kuunyanyua, umbali ushuke hadi 30. Usijipinde. Kanuni sasa inatoa kilo 16. Bado kilo 50 ni zaidi ya mara tatu yake, kwa hiyo watu wawili kwa mfuko mmoja si anasa.

Kujipinda hakuondoki kwa kukumbushana. Toroli ikiwa karibu mno, miguu inabaki palepale na kiuno ndicho kinachozunguka. Iweke mita moja kutoka kwenye mifuko, mtu alazimike kupiga hatua na kugeuka mwili mzima.

Mikanda ya mgongo? Mwaka 1994 NIOSH hiyohiyo ilisema ushahidi kwamba inazuia majeraha hautoshi. Pesa hiyo inunulie toroli.

Utingo naye husahaulika. Amekaa saa nyingi safarini mgongo umekunjika, kano za uti wa mgongo zimelegea, gari likisimama tu anaambiwa ashushe. Mwache atembee dakika kama 10, aanze na vitu vyepesi.

Maumivu yakishuka hadi chini ya goti, au mguu ukifa ganzi, huo si uchovu: aache kubeba siku hiyohiyo, apimwe. Ganzi ikiwa kwenye msamba, au mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, ni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.