Kabla Hujasomea Mazingira, Nikuulize Kuhusu Chupa ya Majitaka

Wanafunzi huniandikia wakitaka kujua kozi gani itawafikisha kwenye umeneja wa mazingira. Mimi huwarudishia swali: ukikabidhiwa chupa ya majitaka sasa hivi, utaifanya nini?

Siulizi kwa kejeli. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kuchota sampuli kwenye mfereji wa kiwanda. Nikazijaza, nikabandika lebo kwa mwandiko mzuri, kisha nikaziacha kwenye buti la gari hadi asubuhi. Maabara walizikataa, na walikuwa na haki. Kilichokuwa kinatafutwa ni kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia kuozesha uchafu kwa siku 5, kwenye nyuzijoto 20. Bakteria wangu walikuwa wameanza karamu usiku kucha humo butini. Sampuli ile ilipaswa kuingia kwenye barafu mara tu nilipoichota. Oksijeni iliyoyeyuka na pH (kipimo cha uasidi wa maji) nazo zilitakiwa kupimwa palepale mferejini. Na kemia ya maji chuoni nilifaulu vizuri tu!

Kwa hiyo ushauri wangu huwaudhi baadhi ya walimu wenzangu: shahada ya kwanza ichukue kwenye fani yenye mizizi, kama kemia, biolojia, jiolojia au uhandisi wa maji, halafu usimamizi usomee kwenye uzamili. Kama tayari uko kwenye shahada ya usimamizi wa mazingira, usihame. Hakikisha tu kwamba ina saa za kutosha za maabara, kazi za uwandani na takwimu. Takwimu hasa. Nimewahi kupitia ripoti iliyojumlisha kelele za mashine mbili, desibeli 80 kwa 80, ikapata 160. Jibu ni 83, kwa sababu desibeli ni kipimo cha logariti, hazijumlishwi kama namba za kawaida. Aliyeiandika hakuwa mjinga. Hakuna aliyewahi kumkalisha chini akampigisha hesabu hiyo.

Sheria huwa inafundishwa kama historia. Utaambiwa kwamba tathmini ya athari kwa mazingira ilianza na sheria ya Marekani iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970, na kwamba Azimio la Rio la 1992 liliitaja katika kanuni yake ya 17. Sawa, yajue hayo. Lakini kazini utashinda na karatasi nyingine kabisa: kibali cha mradi na masharti yake. Zoea kusoma sharti moja na kujiuliza ni nani atalitekeleza, lini, na ushahidi wake utakuwa nini. Ukiona sharti linasema “hatua stahiki zichukuliwe”, jua mwandishi wake alichoka.

Kuna pia vyeti. ISO 14001, kiwango cha mifumo ya usimamizi wa mazingira, kilitoka mwaka 1996, na toleo la 2015 lilikaza zaidi wajibu wa uongozi wa juu. Kozi ya mkaguzi kiongozi kwa kawaida ni ya siku 5, na wahitimu wengi huikimbilia wakiwa na joto la chuo bado. Subirini kidogo. Mkaguzi ambaye hajawahi kukaguliwa huishia kuhesabu mafaili, wakati fundi wa zamu anamzunguka mbele ya macho yake. Fanya kazi ndani ya mfumo huo mwaka mmoja au miwili, ujue watu wanavyojaza fomu saa moja kabla ya ukaguzi, ndipo ukalipie kozi.

Unapotafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, waulize wenyeji wako jambo moja: sampuli hapa huchotwa na nani? Wakikujibu kwamba huja mshauri kutoka nje mara moja kwa mwaka, jiandae kupanga mafaili muda wako wote. Wakikuuliza unavaa buti namba ngapi, kubali hapohapo.