Nguo za vipodozi: soksi yenye aloe vera inafanyaje kazi?

Ilikuwa mwezi wa saba, soko la Sabasaba hapa Dodoma, msimu ule wa upepo na baridi ambapo visigino hupasuka mpaka unaogopa kuvua viatu ugenini. Muuza mitumba akanipa soksi laini kama manyoya ya kifaranga. "Dada, hizi zina aloe vera ndani. Lala nazo, asubuhi mguu kama wa mtoto." Kweli, kwenye lebo kumeandikwa aloe vera. Nikanunua, zaidi kwa udadisi.

Soksi za namna hiyo ni nguo za vipodozi, au kosmetotekistaili kwa jina la kitaalamu. Maana yake ni kitambaa kilichobebeshwa kipodozi kinachokaa ndani yake na kutoka kidogo kidogo kwenda kwenye ngozi ya aliyevaa. Kinachobebwa huwa aloe vera, vitamini E, mafuta ya shea na vinginevyo.

Usidhani wanachovya tu nguo kwenye mafuta. Kanga ya mama yeyote aliyewahi kupaka watoto mafuta asubuhi inajua mwisho wake: doa linatanda, linavuta vumbi, na fua moja ya sabuni inaliondoa. Kazi ngumu ni kuyafungia mafuta yasitoke kabla ya wakati. Njia inayotumika sana ni vifuko vidogo mno, kila kimoja tone lililozungushiwa ganda jembamba. Vingi vina upana wa maikromita chache (maikromita moja ni milimita iliyogawanywa mara elfu), wakati unywele mmoja hufika kama 70. Hugandishwa kwenye nyuzi kwa gundi maalumu. Ukitembea, kitambaa kinasugua ngozi, ganda linapasuka, tone linatoka.

Ujanja huu umewahi kupita mikononi mwako. Kile kitabu cha risiti cha duka la vifaa vya ujenzi, ambacho ukiandika juu maandishi yanatokea karatasi ya chini bila kaboni, kinatumia vifuko hivyo hivyo: kalamu inavibonyeza, vinapasuka, rangi inatokea. Vilianza kwenye karatasi huko Marekani miaka ya 1950, nguo zikafuata baadaye sana.

Ndugu mwingine wa karibu ni chandarua chenye dawa. Vile vya Olyset, ambavyo vimekuwa vikitengenezwa Arusha, dawa yake huchanganywa na plastiki kabla uzi haujavutwa, kisha hupanda taratibu juu ya uzi. Ndiyo maana chandarua cha muda mrefu hutarajiwa kuhimili kufuliwa mara 20 hivi. Kifuko kilichogandishwa juu ya soksi hakina akiba ya namna hiyo. Kikishapasuka kimekwisha, na kila fua inapunguza vilivyobaki.

Sasa fikiria soksi ya mtumba. Imevaliwa na kufuliwa na mtu wa mbali, sijui mara ngapi, kabla haijafungwa kwenye belo. Aloe vera iliyobaki ilikuwa kwenye lebo! Mimi nilipaka mafuta ya ubuyu kwanza ndipo nikazivaa, visigino vikalainika. Lakini hata soksi ya kawaida ingenisaidia, kwa sababu kuifunika ngozi iliyopakwa mafuta kunazuia unyevu usikimbie.

Upande wa tiba mambo ni mazito zaidi. Kuna nguo za ndani zenye nyuzi za fedha, madini yale ya vidani, kwa wenye pumu ya ngozi, maana fedha hudhoofisha bakteria wanaostawi kwenye ngozi iliyochubuka. Ila dawa inayotakiwa kupenya hadi kwenye damu inahitaji kipimo. Plasta ya nikotini, ile ya wanaoacha sigara, inakaa mahali pamoja, ukubwa wake unajulikana, saa zake zinajulikana. Fulana inalegea, inatota jasho, inavuliwa mchana wa joto. Nani atasema umepata miligramu ngapi?

Ninazozikataa moja kwa moja ni suruali za kubana zenye kafeini, zinazodaiwa kupunguza mapaja. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilizibana kampuni mbili, Wacoal America na Norm Thompson, kwa madai hayo yasiyo na ushahidi, na zikakubali kulipa jumla ya zaidi ya dola milioni 1.5 za kurudishia wateja.

Kwetu, vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango; dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo lebo inayosema "inalainisha" na inayosema "inatibu" zinabisha hodi milango tofauti, hata kama soksi ni ile ile.