Kwa nini Biyombo aliachwa bure na Charlotte, kisha mwaka mmoja baadaye akalipwa dola milioni 17?

Tarehe 21 Mei 2016, mjini Toronto, kijana wa Lubumbashi alidaka ribaundi 26, yaani mipira iliyokosa kuingia kikapuni, katika mechi moja ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Amerika Kaskazini. Wapinzani walikuwa Cleveland Cavaliers ya LeBron James, timu ambayo katika hatua ya mtoano ya mwaka huo ilikuwa imecheza mechi 10 na kushinda zote 10. Usiku huo Toronto Raptors iliwafunga 99 kwa 84. Kijana huyo ni Bismack Biyombo, na kwa sehemu kubwa ya msimu alikuwa akianzia benchi.

Miezi kumi na moja kabla ya hapo, klabu iliyomlea, Charlotte Hornets, ilikuwa na haki ya kumbakiza kwa ofa ya mwaka mmoja ya zaidi ya dola milioni 5. Haikuitoa. Ilimwacha aondoke na yenyewe isipate chochote. Kisha Julai 2016, wiki chache baada ya zile ribaundi 26, Orlando Magic ikampa mkataba wa miaka minne, dola milioni 17 kila mwaka. Mikono ni ileile, urefu uleule. Nini kilibadilika?

Jibu linaanzia Charlotte, kwenye msimu mbaya kuliko yote katika historia ya NBA. Biyombo alichaguliwa wa 7 katika drafti ya 2011, zoezi ambalo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, na haki zake zikahamishiwa huko. Klabu wakati ule ikiitwa Bobcats, na mmiliki wake alikuwa Michael Jordan. Msimu wa 2011/12 ulipunguzwa hadi mechi 66 kwa sababu ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji. Charlotte ilishinda 7, ikapoteza 59, na 23 za mwisho zote ilifungwa mfululizo. Hakuna timu nyingine ya ligi hiyo iliyowahi kumaliza na asilimia ndogo ya ushindi kama hiyo.

Hapo ndipo inafaa kuelewa hesabu ya kocha. Mechi ya NBA ni dakika 48 na uwanjani wako watano, kwa hiyo kocha ana dakika 240 za kugawa. Kikosi kina watu 15, lakini kwa kawaida wanaoonja uwanja ni 9 au 10. Timu imara ina wakubwa ambao dakika zao haziguswi, na kijana huambulia makombo. Timu dhaifu haina wakubwa hao, kwa hiyo dakika zipo tele. Kijana anapewa nyingi kwa sababu hakuna mwingine, na pia kwa sababu klabu inataka kumpima. Msimu wa pili Biyombo alicheza zaidi ya dakika 27 kwa mechi, na mara nyingi alianza.

Lakini kipimo hicho kina kasoro. Biyombo si mfungaji. Kazi yake ni kulinda kikapu, kuzuia mitupo, kudaka mipira na kumwekea mwenzake kizuizi ili apate nafasi. Kazi hizo huonekana pale tu unapokuwa na wenzako wanaojua kufunga. Katika timu isiyo na wafungaji, mchezaji wa namna hii huonekana kama shimo: wapinzani wanamwacha peke yake, wanamsonga mwenye mpira, na pointi zake zisizofika 5 kwa mechi zinageuka ushahidi dhidi yake. Ninaamini hapo Charlotte walijidanganya. Walimpima kwa kazi ambayo haikuwa yake.

Mwaka 2013 klabu ikamsajili Al Jefferson, senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) mfungaji kwelikweli, na kocha Steve Clifford akaingia. Timu iliyokuwa imeshinda 21 ikashinda 43. Dakika za Biyombo zikashuka hadi karibu 14. Kwa mtazamaji wa mbali ilionekana kama kijana amerudi nyuma kiwango, ilhali kilichotokea ni kwamba timu ilikuwa imepata mkubwa.

Sasa tuje kwenye mkataba. Mchezaji aliyechaguliwa raundi ya kwanza hupata miaka miwili ya uhakika, kisha klabu ina hiari ya kuongeza wa tatu na wa nne. Wa nne ukiisha, klabu huamua: ama impe ile ofa ya mwaka mmoja, na hapo klabu nyingine ikimtaka yenyewe inaruhusiwa kulipa sawa na kumbakiza, ama isitoe, naye awe mchezaji huru kabisa. Kiangazi cha 2015 Charlotte ilikuwa na Jefferson na Cody Zeller, ikamleta Spencer Hawes, na ikamchagua Frank Kaminsky wa 9 katika drafti. Watu warefu wanne. Ukiangalia orodha hiyo, uamuzi wa kumwacha wa tano unaeleweka, hata kama ulikuwa wa makosa.

Toronto walimchukua kwa chini ya dola milioni 3 kwa mwaka. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, lakini wa pili ulikuwa hiari ya mchezaji mwenyewe. Akawa msaidizi wa Jonas Valančiūnas. Mei 2016 Valančiūnas akaumia kifundo cha mguu katika mfululizo dhidi ya Miami Heat, na Biyombo akaanza. Katika mechi ya saba na ya kuamua alifunga pointi 17 na kudaka ribaundi 16, na Raptors ikaingia fainali ya Kanda ya Mashariki kwa mara ya kwanza katika historia yake. Safari hii pembeni yake walikuwepo Kyle Lowry na DeMar DeRozan, watu wa kufunga. Vizuizi vyake vikawa na faida, na kila ribaundi ya ushambuliaji ikarudi kwa mtu anayejua la kufanya nayo.

Basi kwa nini Toronto haikumbakiza? Hapa wengi hulaumu ubahili, na si haki. NBA ina ukomo wa mishahara, na klabu iliyoujaza huruhusiwa kuuvuka ili kumbakiza mchezaji wake kwa kanuni inayobeba jina la Larry Bird, nyota wa zamani. Lakini kanuni hiyo hukua na muda: haki kamili huja baada ya miaka mitatu ndani ya klabu. Kwa kuwa Biyombo alikuwa amekaa mwaka mmoja tu, Toronto iliruhusiwa kumwongezea hadi asilimia 120 ya mshahara wa zamani, yaani kama dola milioni 3.4. Tena ilikuwa imeshampa Valančiūnas milioni 64 za miaka minne, na DeRozan alikuwa anangoja 139 za miaka mitano.

Wakati huohuo fedha za televisheni zilifurika. Ukomo ulikuwa dola milioni 70 msimu wa 2015/16, ukaruka hadi zaidi ya milioni 94 msimu uliofuata. Kwa ghafla karibu kila klabu ilikuwa na pesa za kutumia, na wachezaji huru wazuri hawakuongezeka. Biyombo aliukataa mwaka wake wa pili, akaingia sokoni siku ambayo soko lilikuwa limechemka kuliko wakati wowote.

Orlando ilikuwa timu inayohangaika, imetoka kushinda 35 na kupoteza 47. Ikamchukua huku ikiwa tayari na Nikola Vučević katika nafasi ileile, na ikiwa imemleta pia Serge Ibaka. Warefu watatu, nafasi mbili. Aaron Gordon, mrefu mwingine, akahamishiwa acheze pembeni, uwanja ukabana, Ibaka akahamishwa kwa kubadilishana wachezaji Februari 2017, na timu ikashinda 29 tu. Wafungaji wa kumzunguka Biyombo hawakuwepo tena. Mwaka 2018 akabadilishwa, na walioenda Orlando ni pamoja na Timofey Mozgov, mwingine wa mikataba ya kiangazi cha 2016, mwenye mshahara unaokaribiana na wake. Na klabu iliyompokea Biyombo ilikuwa Charlotte, ambayo sasa ilimlipa milioni 17 kwa mwaka mchezaji iliyemnyima 5.

Januari 2022, baada ya kumpoteza baba yake na kukaa nje ya ligi miezi kadhaa, alirudi kupitia Phoenix Suns kwa mkataba wa siku 10, ule ambao timu hutumia kuziba pengo. Akacheza vizuri, akapewa mkataba hadi mwisho wa msimu. Mshahara wake wote wa msimu huo, kama dola milioni 1.3, aliutoa ujengwe hospitali nchini Kongo kwa heshima ya baba yake.