Strima ya muziki ya nyumbani ni nini, na CD zako zinaingiaje humo

Mtu akikuambia muziki wa nyumbani kwake unapita kwenye WiFi, wazo la kwanza ni bando. Tumezoea kusikiliza nyimbo zinazotoka kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali, kwa hiyo WiFi, intaneti na MB tunaviona kitu kimoja. Kwa strima ya muziki ya nyumbani ni vitu tofauti. Nyimbo zimo humo humo ndani, zinatoka chumba hiki kwenda kile kupitia ruta, na bando likiisha katikati ya wimbo, wimbo unaendelea.

Ruta ina kazi mbili ambazo mara nyingi hatuzitofautishi. Inaunganisha nyumba na intaneti, na pia inaunganisha vifaa vya nyumbani vyenyewe kwa vyenyewe: simu, kompyuta, televisheni, printa. Kazi hii ya pili haili hata MB moja ya bando. Kifaa cha sebuleni kikiomba wimbo ulio kwenye kompyuta ya chumbani, ombi linafika kwenye ruta na kuelekezwa hapo hapo; halitoki nje ya nyumba. Hata ruta ya zamani isiyo na laini wala kifurushi inatosha. Angalia tu kwamba vifaa vyako vyote viko kwenye WiFi moja ya kawaida, wala si ile ya wageni, maana WiFi ya wageni kwa kawaida huzuia vifaa kuonana.

Strima, basi, ni kifaa kinachopokea muziki kwa mtandao na kuutoa kwenye amplifaya au spika. Chenyewe hakilazimiki kuwa na wimbo hata mmoja. Nyimbo zinakaa kwenye seva, yaani kompyuta yoyote inayoachwa imewashwa, yenye diski na programu ya kuzipanga na kuzigawa. Rimoti ni simu yako: unafungua orodha, unachagua albamu, simu inaiarifu seva, na seva inaanza kuituma sauti kwenye strima. Sauti haipiti kwenye simu kabisa. Hapo ndipo mpango huu unapoachana na bluetooth, ambako simu ndiyo inayobeba muziki, na ukitoka nayo kwenda dukani sebule inakaa kimya.

Anayefaidika zaidi ni mtu mwenye CD ambazo muziki wake haupatikani kwingine. Makabati mengi ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja bado yana CD za taarab na dansi, na ndugu zetu walioko Muscat au London walizibeba kwenye masanduku. Zimo rekodi humo ambazo huzikuti kwenye huduma za muziki za mtandaoni, au unazikuta leo na mwezi ujao zimeondolewa. Hizo ndizo za kuanza nazo. Albamu maarufu inayopatikana kila mahali inaweza kusubiri.

CD zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1982, kwa viwango vilivyowekwa na Philips na Sony. Sauti iliyomo ni tarakimu: kila sekunde inapimwa mara 44,100 upande wa kushoto na vivyo hivyo upande wa kulia, na kila kipimo kina biti 16, yaani alama 16 za 0 au 1. Ukizidisha unapata biti 1,411,200 kwa sekunde, au MB 10.6 hivi kwa dakika, kwa hiyo CD ya saa moja ni kama MB 635. WiFi ya kawaida hupitisha makumi ya mamilioni ya biti kwa sekunde, ndiyo maana muziki wa ubora kamili wa CD hupita bila shida hata watoto wakiwa wanaangalia katuni chumba cha pili.

Kunakili CD ni kuzisoma tarakimu hizo na kuziandika kwenye faili, na uamuzi mkubwa ni faili ya aina gani. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo wabunifu wake walikadiria kwamba sikio halitazikosa, na kilichotupwa hakirudi. FLAC, iliyobuniwa na Josh Coalson na kutoka rasmi mwaka 2001, huibana sauti hadi kama asilimia 50 au 60 ya ukubwa wake bila kutupa chochote. Ikifunguliwa, zinatoka tarakimu zile zile zilizokuwa kwenye CD. Ni ya bure, na Desemba 2024 IETF, shirika linaloweka viwango vya intaneti, lilichapisha maelezo yake kamili, kwa hiyo yeyote atakayeandika programu miaka 30 ijayo ataweza kuzifungua faili zako.

Ushauri wangu ni FLAC kwa kila CD, bila kubagua. Chukua taarab yenye kanuni (ala ya nyuzi nyingi), fidla na rika (tari yenye njuga), isikilize kwenye MP3 iliyobanwa sana, kisha isikilize kwenye FLAC. Kwenye MP3 mlio wa nyuzi za kanuni unapoteza ncha, na njuga za rika zinageuka mchakacho wa maji. Ukitaka MP3 za kuweka kwenye flashi ya gari, utazitengeneza kutoka kwenye FLAC siku yoyote. Kutoka MP3 kurudi kwenye sauti kamili hakuna njia.

Hapo linakuja suala la CD za kuchomwa, ambazo kwetu ni nyingi. Nyingine zilichomwa dukani kutoka kwenye MP3 zilizokusanywa huku na kule, na ukizinakili kwa FLAC unapata nakala kamili ya kile kilichosalia, basi. Nyingine si CD za muziki hata kidogo. Ni CD za data zenye nyimbo mia na zaidi za MP3, zilizotengenezwa kwa ajili ya deki zinazosoma MP3. Hizo kopi mafaili kama yalivyo. Kuyageuza kuwa FLAC ni kuyanenepesha bure. Kutambua CD ya kuchomwa, igeuze uangalie upande wa chini. Ya kiwandani kwa kawaida ni ya rangi ya fedha tupu, na ya kuchomwa huwa na wekundu wa zambarau, ukijani au ubuluu, kutokana na tabaka la rangi lililounguzwa na leza. Rangi hiyo huharibika kwa jua na joto. Kama umechoma mwenyewe rekodi ya harusi au ya onyesho la kikundi cha mtaani, inakili wiki hii.

Kusoma CD vizuri ni kazi ya subira. Muziki kwenye CD umeandikwa pamoja na tarakimu za ziada za kusahihisha makosa, na usahihishaji huo unaweza kuziba pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari wa data. Likizidi hapo, deki ya kawaida hubuni kilichokosekana kwa kuangalia sauti ya kabla na ya baada, na wewe unayesikiliza pengine hutambui. Kwa kusikiliza mara moja si neno. Kwa nakala ya kudumu ni kasoro itakayobaki milele. Ndiyo maana zipo programu zinazorudia kusoma pale zinapotilia shaka: Exact Audio Copy kwenye Windows, whipper kwenye Linux. Zinaweza pia kulinganisha matokeo yako na ya watu wengine walionakili CD hiyo hiyo, kupitia hifadhi iitwayo AccurateRip. Ila CD ya kikundi cha Unguja iliyotoka nakala chache huenda haina wa kulinganishwa naye. Hapo nakili mara mbili na ulinganishe namba za uhakiki ambazo programu inatoa kwa kila wimbo. Zikifanana, usomaji huo unaaminika.

Kabla ya yote isafishe CD. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo, futa kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia ya leza unaharibu kidogo tu kila mahali, lakini unaofuata mzunguko unafuta kipande kirefu cha wimbo ule ule. Na upande wenye maandishi ulinde kuliko ule unaong'aa, kwa sababu tabaka la rangi ya fedha liko chini kidogo tu ya wino. Likikwanguka hilo, data imekwenda nalo.

Majina ndiyo yanayowakatisha wengi tamaa, nayo ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. CD nyingi hazina majina ya nyimbo ndani yake. Programu hupima mpangilio na urefu wa nyimbo, kisha huuliza hifadhi ya mtandaoni kama MusicBrainz: CD yenye mpangilio huu ni ipi? Albamu iliyotolewa Ulaya mara nyingi hujibiwa. Ya Kariakoo mara nyingi haijibiwi, au inajibiwa kwa tahajia ambayo mwimbaji mwenyewe asingeitambua. Utaandika kwa mkono, na ukishaandika unaweza kuyapeleka MusicBrainz ili anayekuja nyuma yako ayakute.

Maelezo haya huitwa tagi, na seva inaamini tagi tu. Haijui historia. Ukiandika Mlimani Park Orchestra kwenye CD moja, DDC Mlimani Park kwenye nyingine na Sikinde kwenye ya tatu, utapata bendi tatu kwenye orodha, ingawa ni bendi moja. Culture Musical Club na Mila na Utamaduni, majina mawili ya kikundi kimoja, yatakaa mbalimbali kama vikundi visivyojuana. Msondo ni mtihani zaidi: bendi ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Je, uziweke rekodi zote chini ya jina moja? Mimi naona kila wimbo ubaki na jina la enzi yake kwenye tagi ya msanii, kwa sababu jina hilo ni sehemu ya historia yake, kisha tagi ya msanii wa albamu ibebe jina moja, ili zote zikae pamoja. Chochote utakachochagua, kiandike kwenye daftari ukifuate bila kuyumba.

Usisahau mtunzi. Kwenye dansi na taarab watu huulizana wimbo huu wa nani wakimaanisha aliyetunga mashairi au aliyeimba, wala si lazima bendi. FLAC ina nafasi ya mtunzi, ya mwimbaji na ya maelezo marefu. Nakili kila kilichoandikwa kwenye karatasi ya CD, na karatasi yenyewe ipige picha. Majina ya wapigaji yaliyo kwenye karatasi hizo mara nyingine hayajaandikwa popote pengine.

Kwa vifaa sina mengi ya kukushauri, maana hapa hakuna haja ya gharama. Laptop ya zamani inafaa sana kuwa seva: mara nyingi ina sehemu ya kuingizia CD, na betri yake ikiwa bado nzima, umeme ukikatika haizimiki ghafla. CD 300 za FLAC ni kama GB 100 tu. Kwa programu, Lyrion Music Server ina historia inayofaa kujulikana. Chimbuko lake ni kampuni ndogo ya Marekani, Slim Devices, iliyotoa strima yake ya kwanza mwaka 2001. Logitech ikainunua mwaka 2006, ikaacha kutengeneza strima hizo mwaka 2012, na mwaka 2024 ikafunga huduma yake ya mtandaoni. Programu ya seva, ambayo leo ndiyo Lyrion, ilikuwa wazi kwa wote, wapenzi wakaendelea nayo, na strima za zamani bado zinapiga kwa sababu seva iko nyumbani kwa mwenyewe. Anayetaka kusikiliza kwenye simu tu anaweza kutumia programu nyingine za seva, Navidrome au Jellyfin.

Strima yenyewe si lazima iwe ya dukani. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya Uingereza iliyotoka mwaka 2012, ikiwekewa programu ya piCorePlayer inakuwa strima kamili. Programu hiyo ikishawaka hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, haiandiki kwenye kadi ovyo, hivyo umeme ukikatika kadi haiharibiki kirahisi. Iunganishe na amplifaya kupitia DAC ndogo ya USB, yaani kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa sauti, maana matoleo mengine hayana tundu la hedifoni, na kwa yaliyo nalo sauti inayotoka humo ni dhaifu. Kama WiFi inasuasua, vuta waya kati ya ruta na seva. Hiyo peke yake huondoa nusu ya usumbufu. Kisha jaribu rekodi ya jukwaani ambayo nyimbo zake zinaungana: strima nzuri huvuka kutoka wimbo hadi wimbo bila pengo.

Diski moja haitoshi kuwa hifadhi. Kopi folda nzima kwenye diski ya nje, ichomoe, iweke kwa ndugu au ofisini, na uirudie kila unapoongeza CD. Zile CD nazo usizitupe wala kuzigawa. Ziweke wima kwenye maboksi yake, mahali pakavu pasipopigwa na jua, kwa sababu siku ukikuta wimbo una kasoro ambayo hukuisikia mwanzo, ni humo utakakorudi kuusoma upya.