Kinyota mwanzoni mwa neno kinawezekana

Wapo watunzaji wa hifadhi za magazeti hapa Uganda wanaoamini kwamba faharasa ya utafutaji, yaani orodha ya maneno ambayo kompyuta huitumia kutafutia, haiwezi kabisa kujibu ombi linaloanza na kinyota (alama * inayosimama badala ya herufi zozote), kama vile *ganda. Sivyo. Kichanganuzi cha kawaida cha Lucene, programu ya utafutaji, yaani sehemu yake inayosoma maombi, hulikataa, kisipoamriwa vinginevyo, kwa sababu ya gharama tu: maneno yamepangwa kwa mfuatano wa herufi, na mwanzo usipojulikana hulazimu kuyapitia yote. Dawa ni kuhifadhi pia kila neno likiwa limegeuzwa, yaani buganda liwe adnagub na luganda liwe adnagul, kisha kutafuta adnag*. Faharasa itanenepa, lakini kwa lugha zetu za Kibantu, ambazo viambishi vyake hubadilika mwanzoni, naona nafasi hiyo inastahili kabisa kutolewa.