Taa ya Oili Haisomi Kiwango cha Oili

Gari linafika gereji limevutwa kwa kamba siku mbili baada ya mwenyewe kumwaga oili nyumbani, na maelezo huwa yale yale: "Taa iliwaka, nikaongeza oili. Ikawaka tena, nikaongeza tena." Kati ya kuongeza kwa kwanza na kwa pili ndipo injini inaponoki.

"Taa nyekundu ikiwaka, oili imepungua"

Taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone imeungwa kwenye swichi ya presha, na swichi hiyo imefungwa kwenye njia ya oili baada ya pampu. Haijui mna lita ngapi ndani ya sampu (karai la oili chini ya injini). Presha ikishuka chini ya takriban bar 0.3 hadi 0.5, inawaka, basi. Injini nyingi zikiwa na moto hukaa kwenye bar 1 hivi, au zaidi kidogo, kwenye silensa (yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), na bar 3 hadi 4 mizunguko ikifika 3000. Kwa hiyo taa inapowaka huku gari linatembea, hilo si onyo la mapema. Beringi za krenki (shafti kuu inayozunguka ndani ya injini) hubebwa na utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na utando huo unapokatika ni chuma juu ya chuma.

Baadhi ya magari yana taa nyingine ya njano, birika lenye wimbi chini yake. Hiyo ndiyo ya kiwango. Ile ya spana inakumbusha servisi tu, haipimi chochote.

Ni kweli oili ikikaribia kuisha presha huanguka. Lakini stiki ya kupimia oili ikisoma kati ya alama mbili na taa bado inawaka, lita uliyoshika mkononi haina kazi hapo. Servisi ya nyumbani inagusa nati ya sampu, filta, mfuniko wa juu wa kujazia oili na oili yenyewe. Anza na hivyo. Usianze kuilaumu pampu iliyokuwa inafanya kazi vizuri jana.

Zima injini hapo hapo, si ukifika mbele. Gari likiwa tambarare, subiri dakika 10, chomoa stiki, ifute, izamishe hadi mwisho, kisha uichomoe tena. Unachosoma ni mara ya pili. Ya kwanza ina oili iliyoruka kwenye bomba lake. Kwenye magari mengi madogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita 1. Stiki ikitoka kavu, inama chini ya gari kabla hujashika galoni.

Mara nyingi utakuta filta ndiyo inayovuja, na sababu ni mipira miwili. Mpira wa filta ya zamani huganda kwenye bloku (mwili wa injini), filta inatoka bila mpira wake, na mtu anafunga mpya juu yake bila kutazama. Ukiwasha, hakuna hata tone, ndiyo maana watu huapa kwamba walifunga vizuri. Kesho yake asubuhi oili ni baridi na nzito, presha inapanda, mpira mmoja unachomoka upande, na sampu nzima inaweza kumwagika kwa dakika chache. Ukiongeza oili hapo unailisha barabara. Fungua filta, upitishe kidole duara lote la bloku: unatakiwa kugusa chuma kitupu, laini, bila ukingo wowote. Paka oili safi kwenye mpira wa filta mpya, izungushe kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ya mnyororo ni ya kufungulia filta, jamani, si ya kufungia.

Filta za karatasi zinazokaa ndani ya kikombe zina kosa lao. Mpira wa kikombe una mfereji wake maalumu. Ukiuacha umekaa kwenye meno, utavuja. Wengine hutupa ile nguzo ya katikati pamoja na karatasi ya zamani, na filta mpya inabaki bila cha kuishikilia. Nguvu ya kukazia mara nyingi imeandikwa juu ya kikombe chenyewe, na kwenye vingi ni 25 Nm.

Baada ya kubadilisha filta, taa kuchelewa kuzima kwa sekunde 2 hadi 5 ni kawaida, kwa sababu filta ni tupu na inajaa kwanza. Usikanyage mafuta kuiharakisha. Ikipita sekunde 10, zima.

Kama hakuna uvujaji na kiwango kiko sawa, acha kubahatisha. Toa swichi ya presha, funga geji ya kupima presha mahali pake, washa na usome. Geji isipopanda ndani ya sekunde hizo hizo 10, zima. Ikipanda, acha injini ipate moto, soma kwenye silensa na kwenye 3000, kisha linganisha na kitabu cha gari. Geji ikisoma vizuri, ubovu uko kwenye swichi au waya wake. Ikisoma chini, fungua sampu uangalie chujio la pampu. Kinachokutwa hapo mara nyingi ni vipande vya silikoni (gundi ya gasketi) ambayo mtu aliipaka kwa ukarimu kwenye gasketi ya sampu. Na wanaopaka silikoni kwenye nati ya kumwagia oili, acheni. Pale panahitaji wosha mpya tu, ya shaba au ya alumini. Wosha ikishaminywa, kazi yake imeisha. Nati ikivuja, kuikaza zaidi hakusaidii: nati nyingi zinataka kati ya 30 na 40 Nm, na sampu ya alumini huliwa meno upesi.

"Ikizidi kidogo haina neno"

Milimita mbili juu ya alama, sawa. Lita nzima, hapana. Krenki inaanza kuipiga oili kama mtu anavyopiga mayai, oili inajaa mapovu, pampu inavuta hewa, tapeti (visukuma valvu) zinapiga kelele, na presha inachezacheza mpaka taa nyekundu iwake. Yaani taa hiyo hiyo inaweza kuwaka kwa sababu oili *imezidi*. Moshi wa bluu baada ya servisi huanzia hapa pia: oili inapanda kupitia bomba la mpira ambalo injini hupumulia na kuingia kwenye njia ya hewa. Ipunguze kwa sirinji kubwa yenye mpira mwembamba unaopita kwenye bomba la stiki.

Stiki ikisoma juu kupindukia na oili bado nyeusi tii wakati umeweka mpya, hukumwaga oili ya injini. Umemwaga ya giaboksi. Kosa hili linajulikana sana kwenye Subaru za otomatiki, ambazo nati zote mbili ziko chini, karibu karibu. Usiwashe gari.

"Imekuwa nyeusi siku ya pili, hii oili ni feki"

Injini ya dizeli huifanya nyeusi ndani ya dakika chache, maana masalia ya oili ya zamani hubaki kwenye njia zake na oili mpya inabeba masizi. Ndiyo kazi yake. Cha kukutisha ni harufu ya petroli huku kiwango kikipanda, au chembe zinazometameta kwenye kitambaa.

"Uji mweupe kwenye mfuniko ni gasketi ya silinda hedi imeungua"

Gari la safari fupi fupi hutengeneza uji huo kutokana na mvuke. Tazama stiki na kulanti (maji ya rejeta). Stiki ikiwa safi na kulanti haipungui, endesha safari ndefu, kisha tazama tena.

"20W-50 inalinda kuliko 0W-20"

Kwenye injini iliyoundwa kwa oili nyepesi ya 0W-20, oili nzito kama 20W-50 huchelewa kufika juu asubuhi na husumbua mfumo wa kubadili muda wa valvu. Geji itasoma presha kubwa zaidi, lakini presha kubwa si sawa na oili nyingi kupita kwenye beringi. Fuata kitabu.

"Suuza kwanza injini kwa mafuta ya taa"

Hapana.

"Inanuka kuungua, kuna kitu kimeharibika"

Ukitoa filta, oili hudondokea bomba la moshi. Safisha kwa spreyi ya breki injini ikiwa baridi. Harufu itakata baada ya kama nusu saa ya kuendesha. Ikirudi kesho yake, rudi kwenye filta na kile kidole chako kwenye bloku.